Lugha Haitembei Bila Desturi Yake

(Mazungumzo na walimu wa kujitolea na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kufundisha Kiswahili katika madarasa ya ngumbaru. Wengi wetu hapa tulizaliwa katika lugha ya nyumbani. Kiswahili tulikipata baadaye, sokoni, shuleni au kazini. Kwetu sisi ni lugha ya pili. Katiba ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hivyo mama anayeingia ofisi ya serikali na Kiswahili chake haombi fadhili.

Lakini tunaona jambo moja. Mtu anamaliza kitabu, anajua kusoma na kuandika, na bado akifika mbele ya karani ananyamaza. Ama anasema, na anayemsikiliza anafikiri hana adabu. Maneno anayo. Kitu ambacho hakupewa ni desturi: nani anaanza kusalimu, kitu kinaombwaje, unakataaje bila kuudhi. Ndiyo sababu tunasema desturi isingojee kipindi chake mwisho wa wiki. Iingie ndani ya kila somo la lugha. Tuone mifano.

Kwanza, kuomba. Katika baadhi ya lugha zetu za bara, kusema "nipe" hakuna ubaya wowote. Lakini mtu wa pwani akisikia "nataka sukari", huenda akaona ameamrishwa. Neno "naomba" ndilo linafungua mlango. Msiliandike ubaoni tu. Mmoja awe karani, mwingine aanze nje ya mlango: hodi, karibu, salamu, habari za kazi, ndipo shida itajwe. Rudieni mpaka ulimi uzoee.

Pili, saa. Saa za Kiswahili huhesabiwa kutoka jua linapochomoza, lakini kadi ya kliniki mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya Kiingereza. Mama akisoma 8:00, aje saa nane mchana, atakuta foleni imekwisha na mtoto hajapata chanjo. Chora uso wa saa. Mkono mfupi ukiwa juu ya 8, tazama namba iliyo mkabala nayo: ni 2. Basi ni saa mbili asubuhi. Somo hili ni la nusu saa tu, na laweza kuokoa safari nzima ya kwenda kliniki.

Tatu, jamaa. Kwa Wakikuyu, "mama" ni ndugu wa kiume wa mama mzazi, yule Kiswahili kinamwita mjomba. Kwa hivyo Mkikuyu anayeanza kusoma "mama anapika" ana kazi mbili: kusoma, na kuligeuza neno kichwani. Chora ukoo wa nyumba moja, andika majina kwa Kiswahili na kwa lugha ya darasa. Halafu uliza: kwenu mjomba ana kazi gani wakati wa mahari? Hapo hata yule aliyekuwa kimya atanyanyua mkono, kwa sababu ana la kusema.

Nne, maswali mazito. Vitabu hupenda kuuliza, "Una watoto wangapi?" Wazee wa Kikuyu hawakupenda watoto wahesabiwe. Hata mabinti wa Mumbi walikuwa kumi, lakini husemwa ni tisa kamili. Mwalimu asiyejua hayo atafikiri mwanafunzi ni mjinga, kumbe anaficha heshima yake. Mweleze kwa upole kwamba karani wa sensa au muuguzi akiuliza hivyo hana nia mbaya. Anataka kujua ili huduma ipangwe. Lakini darasani usimlazimishe.

Tano, methali. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Sasa mwanafunzi wa Kakamega, kibaba amekiona wapi? Kilikuwa kipimo cha nafaka, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Yeye anajua gorogoro. Basi ileteni gorogoro darasani, kila mtu atie konzi moja ya mahindi, mpaka ijae. Kisha zungumzeni juu ya akiba ya kikundi chenu. Methali itakaa kichwani, na hesabu ya kikundi itaeleweka.

Sasa tuonyane kidogo. Tusimcheke mtu anayechanganya "r" na "l". Kuna wazee katika madarasa haya ambao shuleni walivishwa kipande cha mbao shingoni kwa kusema lugha ya mama. Wengine waliacha shule na aibu hiyo. Tusiwaongezee nyingine. Tena, tusiseme "Waswahili wote wako hivi". Lamu si Mombasa, na Mombasa si Nairobi. Kama kuna mtu kijijini aliyeishi pwani, mwalikeni aje aulizwe maswali. Na mtu asidhani ni lazima atupe mila zake ndipo ajue Kiswahili. Mila yake ndiyo daraja la kuvukia.

Jambo hili ni zito kuliko mtihani. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, vijiji vingi vilibaki na majirani wasioaminiana. Kiswahili ni lugha ambayo wote wanaweza kukutana ndani yake. Jirani akiulizwa, "Hili nyinyi kwenu mnalisemaje?" anajua kwamba anahesabiwa kuwa mtu. Hapo mazungumzo yanaanza, na watu wanaozungumza huweza kuchimba kisima pamoja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni ofisi gani ambayo wanachama wetu huogopa kuingia? Tuigize safari ya kwenda huko.

2. Ni neno gani la Kiswahili ambalo kwa lugha yetu lina maana nyingine?

3. Ni desturi gani ya jirani zetu ambayo hatujawahi kuuliza maana yake?