Mkono Unaowalisha Tumbili



Nimeombwa niseme machache kuhusu tumbili wanaoshuka mwembeni kila Jumamosi kupokea ndizi na njugu zetu kwa heshima ya Hanuman. Desturi hii tumeirithi kwa wazee wetu, nami naienzi. Lakini majirani wenye mashamba ya mahindi wamelalamika, na malalamiko yao ni ya haki. Hivyo inatupasa kuyatazama matokeo ya sadaka yetu.

Jamaa za tumbili, yaani nyani, wamechunguzwa kwa miaka mingi. Nyani jike huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya miezi sita hivi. Lini atazaa tena, hilo hutegemea sana chakula. Huko Amboseli, ambako Jeanne na Stuart Altmann walianzisha utafiti wao mwaka 1971, kundi lililokula katika jaa la hoteli lilikomaa mapema, na majike wake wakazaa kwa vipindi vifupi kuliko wenzao wa nyikani.

Kwa hiyo shibe huleta watoto. Je, shibe ikikoma? Katika kisiwa cha Koshima, Japani, kima walianza kulishwa viazi vitamu mwaka 1952. Kundi la takriban 20 likaongezeka hata kupita 100. Mwaka 1972 chakula kilipunguzwa mno. Majike wakachelewa kuzaa, uzazi ukashuka, na vifo vya watoto wachanga vikaongezeka.

Tena si kila mabaki ni neema. Maasai Mara, katika miaka ya 1980, nyani waliokula nyama iliyotupwa jaani waliangamizwa na kifua kikuu cha ng'ombe.

Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Kwa mnyama wa mwituni wema huo haufai, kwani anayemlisha mama amemwita mtoto, na mtoto huyo tukimwacha ataingia shambani kwa jirani, apigwe mawe. Sisi wafanyabiashara twajua kwamba mkopo una siku yake ya kulipwa. Ni aibu deni letu likalipwa na mkulima na kichanga cha tumbili.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mabaki ya karamu yafungiwe katika mapipa yenye vifuniko. Pili, ndizi zipunguzwe kidogo kidogo, zisikatwe ghafla. Tatu, sadaka ya Jumamosi inunue miche ya mikuyu, ipandwe kando ya kijito, mbali na mahindi. Mkuyu ni ndugu wa mpipali tunaouheshimu. Hutoa matunda kwa majira yake, wala haumfundishi tumbili kuutegemea mkono wa mtu.

Hanuman alikuwa mtumishi mwaminifu. Nasi tuwatumikie viumbe hawa bila kuwadhulumu majirani.