Simu ya Bonasi na Jicho la Mtengenezaji Gemu

Mazungumzo kwa wazazi na vijana wa Kaunti ya Nyeri kuhusu vifaa vipya na mambo yanayovuma mtandaoni



Oktoba ikikaribia, wakulima wa chai wa Othaya, Tetu na Mathira husubiri bonasi. Maduka ya simu mjini Nyeri na Karatina nayo huisubiri bonasi hiyohiyo. Mabango mapya hupandishwa, spika huwekwa mlangoni, na kijana aliyemaliza kidato cha nne huwa amekwisha kuiona kwenye TikTok simu anayoitaka. Anajua ina kamera ngapi. Mzazi anajua bei tu. Mazungumzo ya nyumbani huwa mafupi, na mara nyingi huishia kwenye kaunta ya duka, mama akitafuta kitambulisho mkobani.

Leo inafaa kumleta mtu wa tatu kwenye kaunta hiyo, naye ni mtengenezaji gemu. Huenda wengine mkashangaa, kwa kuwa gemu ndizo zinazolaumiwa kwa kuwaharibia watoto wakati. Lakini mtu huyu ana mambo mawili ambayo muuza simu hana haja ya kuwaambia. Anajua kifaa kinaweza kufanya nini hasa, kwa sababu hukitumikisha hadi mwisho wa nguvu zake. Pia anajua jinsi skrini inavyomshika mtu asiondoke, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

Anzeni na kifaa chenyewe. Ili picha ionekane ikisonga bila kukwama, gemu nyingi huchora skrini upya mara 60 kila sekunde. Maana yake kila picha ina takriban milisekunde 16. Ndani ya muda huo simu isome kidole kiko wapi, ipige hesabu ya mwendo, ichore kila kitu, kisha ianze tena. Simu ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapo gemu huanza kukwama. Ndiyo sababu mtengenezaji gemu akipewa simu mpya haanzi na kamera. Huigusa mgongo. Huuliza: baada ya nusu saa ya kazi itakuwa na joto kiasi gani, na betri itakuwa imebaki asilimia ngapi? Akisoma kwenye tangazo kwamba skrini hujichora mara 120 kwa sekunde, anajua gemu nyingi hazifiki huko, na kwamba kila mchoro wa ziada hula betri. Kwa mama wa Mweiga anayepokea pesa na kumpigia mnunuzi wa viazi kwa simu hiyo, skrini ya namna hiyo haina kazi yoyote. Bei yake, hata hivyo, atailipa.

Kumbukeni mwaka 2007. Januari mwaka huo Steve Jobs alionyesha iPhone ya kwanza huko Marekani. Machi, Safaricom ikaanzisha M-Pesa. Na ndani ya mwaka huohuo Mkenya Wesley Kirinya akatoa gemu ya kompyuta iitwayo The Adventures of Nyangi, kuhusu mwanamke anayesaka vitu vya kale vya Afrika. Kati ya hayo matatu, ni lipi lililobadilisha soko la Karatina? Kila aliyewahi kuuza karoti pale anajua jibu. M-Pesa haikuhitaji skrini ya kugusa wala intaneti. Ilitumia laini na ujumbe mfupi, vitu vilivyokuwa tayari ndani ya mulika mwizi iliyofungwa raba ili betri isidondoke. Nyangi ilihitaji kompyuta, na kompyuta zilikuwa katika nyumba chache. Mwaka 2009 Kirinya na mwenzake Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts, kampuni iliyojikita katika vibonzo na gemu za simu. Walikwenda mahali wachezaji walipokuwa.

Fikra hiyo ina babu yake Japani. Gunpei Yokoi aliajiriwa na Nintendo mwaka 1965, wakati kampuni hiyo ikiishi kwa kuuza karata, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza mashine. Inasimuliwa kwamba siku moja ndani ya treni alimwona mfanyakazi mmoja akipoteza wakati kwa kubofyabofya kikokotoo. Mwaka 1980 Yokoi alitoa Game & Watch, gemu ndogo za mfukoni zenye skrini ya aina ileile ya vikokotoo, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa rahisi. Mwaka 1989 ikafuata Game Boy. Skrini yake haikuwa na rangi, na haikuwa na taa. Mwaka uliofuata Sega ilileta Game Gear yenye rangi na mwanga, na kwenye tangazo Game Boy ilionekana kama kitu cha kizamani. Lakini Game Gear ilikula betri sita kwa saa chache tu, na Game Boy ilikwenda saa nyingi kwa nne. Watoto na wazazi waliolipia betri walifanya hesabu yao. Game Boy, pamoja na toleo lake la rangi, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Yokoi alishikilia kwamba teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, iliyo rahisi na isiyo na siri tena, ndiyo nyenzo nzuri ya kubuni jambo jipya. Naye mwenyewe alipoiacha njia hiyo aliumia. Mwaka 1995 Nintendo ilitoa kifaa chake cha kutazamia kwa macho mawili, Virtual Boy, chenye picha nyekundu juu ya weusi. Wachezaji walilalamika kuumwa na kichwa, na kabla ya mwaka kwisha vizuri biashara hiyo ilikuwa imekufa. Februari 2024 Apple ilianza kuuza Vision Pro, miwani ya kuvaa usoni, kwa dola 3,499, betri ikidumu kama saa mbili. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na hakuna haja ya kuibeza. Ila anayeunda gemu huuliza swali la mwenye kibanda: wanunuzi ni wangapi? Pale Kieni, ambako stima ikipotea watu hukesha na simu iliyozimika, saa mbili za betri ni hadithi fupi sana.

Hayo ni ya kifaa. Sasa yale yanayovuma ndani yake, na hapa wazazi wasikilize zaidi.

Mei 2013 kijana wa Vietnam, Dong Nguyen, alitoa gemu ya bure iitwayo Flappy Bird. Ndege mdogo anapita kati ya mabomba. Ukigusa skrini anapanda, ukiacha anashuka, akigonga bomba unaanza upya. Hakuna zaidi ya hapo. Mapema mwaka 2014 ilivuma duniani kote, na ikaripotiwa kwamba matangazo yake yalimwingizia dola 50,000 kwa siku. Februari mwaka huohuo Nguyen akaiondoa sokoni mwenyewe. Alieleza kwamba aliitengeneza ichezwe dakika chache za mapumziko, na sasa watu hawawezi kuiacha. Watu walimcheka. Wengine walitangaza mtandaoni kuuza simu zao zenye gemu hiyo kwa bei za kushangaza. Lakini hebu fikirieni: fundi aliyejenga mlango ndiye aliyekuja kuwaambia watu kwamba mlango huo haufunguki kutoka ndani.

Mbinu alizozielewa Nguyen zinafahamika kwa kila mtengenezaji gemu. Raundi iwe fupi, ili kuanza tena kusionekane kama uamuzi. Kushindwa kuwe kwa karibu, ili mtu aseme "nilikuwa nafika". Zawadi isije kwa ratiba, ije pale usipoitarajia. Katika gemu ya kawaida mbinu hizi hula jioni ya mtu. Zikifungwa kwenye pochi ya M-Pesa, hula bonasi.

Vijana hapa wanaufahamu mchezo wa Aviator na ndugu zake wengi: ndege inapanda, namba inapanda nayo, na ni lazima utoe pesa kabla haijatoweka. Inaonekana kama gemu ya ustadi. Mtengenezaji gemu akiitazama haoni ustadi. Anaona namba inayotolewa na kompyuta, na mchoro wa ndege uliowekwa juu yake ili mkono uone una kazi. Fanyeni hesabu hii. Tuseme mchezo unarudisha wastani wa shilingi 97 kwa kila 100 zinazowekwa. Ni mchezo mkarimu kwa sikio. Mtu akianza na shilingi 100 na kila raundi akaweka tena zote alizobaki nazo, baada ya raundi 50 wastani unaobaki ni shilingi 22 hivi. Baada ya raundi 100, hazifiki 5. Na raundi moja ni sekunde chache. Mia moja huisha kabla githeri haijaiva.

Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari, BCLB, ilisimamisha matangazo ya kamari nchini kwa siku 30. Kisheria aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini laini ya simu ikiwa imesajiliwa kwa jina la mama, mfumo humwona mama. Mzazi aliyempa mtoto simu ya pili ya nyumba, yenye laini yake na namba yake ya siri, amempa pia umri wake.

Jambo jingine ni ruhusa. Mtu anayeunda gemu ya ndege na mabomba anajua gemu hiyo haina haja ya kusoma orodha ya namba za simu, ujumbe wala mahali ulipo. Programu ikiomba vitu hivyo bila sababu, inavitafutia soko au matumizi mengine. Kuna watu waliopigiwa simu na mashemeji zao kuhusu mkopo wa shilingi elfu mbili, kwa kuwa programu ya mkopo ilikuwa imebeba namba zote siku ya kwanza. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu Nairobi ili Worldcoin ipige picha mboni za macho yao, kwa malipo ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Namba ya siri ikivuja hubadilishwa. Jicho halibadilishwi. Yule anayehisi taarifa zake zimetumika vibaya ana haki ya kulalamika katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya mwaka 2019.

Kwa kijana anayesikia haya na kujiambia angependa kukaa upande wa wanaotengeneza: njia haianzi na simu ya bei. Godot, programu ya kuundia gemu, ni ya bure; Blender, ya kuchorea maumbo, ni ya bure pia. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapahapa Nyeri na kinafundisha sayansi ya kompyuta. Na ukimaliza gemu yako ya kwanza, usiijaribu kwenye simu ya rafiki aliyetoka Nairobi. Ijaribu kwenye simu ya shosho, ile yenye kioo kilichopasuka na nafasi iliyojaa picha za harusi. Ikienda pale, itakwenda Chaka, itakwenda Naro Moru, itakwenda Nanyuki.

Sasa turudi kaunta, ambako mama bado anatafuta kitambulisho. Tuseme simu inauzwa shilingi 12,000 taslimu. Kwa mkopo, muuzaji anataka 2,500 leo, kisha 60 kila siku kwa siku 365. Shilingi sitini ni nauli fupi ya bodaboda, hakuna anayeiogopa. Kwa mwaka ni 21,900. Ongeza zile za mwanzo, simu imefika 24,400, mara mbili ya bei yake na zaidi. Wiki ya mvua, kibarua kikikosekana, inajifunga yenyewe, na namba za wateja wa mboga zimo ndani.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, mwambieni muuzaji aandike jumla kwenye karatasi, si malipo ya siku. Ulizeni simu hufungwa baada ya kuchelewa siku ngapi, na ikifungwa kama bado inapokea simu. Bonyezeni *#06# mbele yake, mlinganishe namba itakayotokea na ile iliyo kwenye boksi. Kisha mwachieni kijana aiwashe, acheze gemu yoyote nzito kwa dakika kumi palepale dukani, huku mama ameshika kiganja nyuma ya simu.