Digrii ya Huduma za Dharura: "Huyu Hasomei Udereva"

Ifuatayo ni hotuba ya mhudumu wa ambulensi za kaunti kwa wanafunzi wa Kidato cha Nne na wazazi wao, siku ya mwongozo wa taaluma.



Kabla sijasimama hapa, mzazi mmoja ameniuliza pale nje: "Binti yangu asome chuo kikuu miaka yote hiyo ili aendeshe ambulensi?" Nimecheka, lakini swali lake ni la haki. Mama, dereva ana kazi yake na tunamheshimu. Mimi hukaa nyuma na mgonjwa.

Nilianza na cheti. Usiku mmoja tulimbeba kijana wa bodaboda aliyeumia kifua. Nilimpa oksijeni, nikamfunga jeraha la mguu, lakini pumzi ikazidi kumpungua. Tulipofika hospitalini, daktari alimdunga sindano kubwa kifuani, hewa ikatoka kwa mlio, naye akapumua. Nilikuwa naye garini dakika 40, nisijue kwamba hewa iliyonaswa nje ya pafu ndiyo iliyokuwa ikimbana pafu na moyo. Alipona. Mimi usingizi ulinipaa wiki nzima.

Hilo ndilo lililonirudisha darasani. Kwenye digrii utasoma mwili unavyofanya kazi, dawa na vipimo vyake, kusoma mchoro wa mapigo ya moyo, kuzalisha mama njiani, kumsaidia mtoto aliyezaliwa asilie, na kuamua nani atangulie kuhudumiwa majeruhi wakiwa wengi. Cheti kilinifunza la kufanya. Digrii ilinifunza kwa nini, na wakati gani nisifanye.

Sasa tuje kwenye fomu. Digrii huhitaji wastani wa C+ katika KCSE, kwa hivyo Bayolojia na Kemia msizikimbie. Ukipata chini ya hapo, KMTC pia hufunza wahudumu wa dharura. Nami nilianzia ngazi ya chini. Na kabla ya kulipa karo ya digrii popote, hakikisheni kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Msivutwe na kipeperushi chenye picha ya helikopta.

Sitawadanganya: digrii si barua ya kuajiriwa. Nafasi si nyingi, na zamu za usiku huchosha. Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Katiba hiyo hiyo imeziweka huduma za ambulensi mikononi mwa kaunti. Gari likifika bila mtu anayejua la kufanya, mgonjwa amepata usafiri tu.

Mama uliyeniuliza, ambulensi yetu iko pale langoni. Njoo na binti yako niwaonyeshe kilicho ndani, kabla simu haijalia.