Kuifufua Mashine ya Boti Iliyochubuka Silinda

(Hotuba kwa wavuvi na mafundi wa Msambweni)

Wazee wangu, manahodha na mafundi,

Wahenga walisema, Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Zamani nyenzo zenu zilikuwa tanga, kafi na upondo. Leo wengi wenu, toka Diani hata Vanga, mmeongeza mashine ya kufungwa shetrini. Mashine ya namna hii si ngeni duniani: Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, alianza kuziuza mwaka 1909. Faida yake mwaijua. Lakini mwajua pia kwamba ikizimika nje ya mlango wa mwamba wakati wa kusi, upepo na mawimbi hukisukuma chombo kwenye miamba, na waliomo huwa hatarini. Kwa hiyo kuitengeneza mashine kuukuu vizuri si kuokoa fedha tu, bali ni kuokoa roho za watu.

Neno langu ni moja, na mengine yote ni kulifafanua: silinda haichubuki bila sababu. Mtu akitia pistoni mpya asiitafute sababu hiyo, ajue kwamba atainunua tena.

Kwanza, dalili. Twasema hapa juu ya mashine zile zinywazo petroli iliyochanganywa na oili. Silinda ikiisha kuharibika, kamba ya kuwashia huvutika kwa wepesi kuliko desturi, mashine huwaka kwa taabu, na nguvu hupungua chombo kikiwa na mzigo. Fundi na atoe plagi zote, kisha apime kwa geji mgandamizo wa kila silinda. Silinda za mashine moja zapasa kukaribiana; tofauti ikizidi sehemu moja katika kumi, hapana budi kufungua kichwa.

Hapo pana mtihani. Bolti za chuma zilizokaa miaka mingi ndani ya alumini na maji ya chumvi hushikana kama zilizochomelewa. Azilazimishaye kwa spana ndefu atazikata. Afadhali zitiwe mafuta mepesi ya kulegeza kutu, ziachwe usiku kucha, kisha zijaribiwe polepole, kukaza kidogo na kulegeza kidogo. Haraka haraka haina baraka.

Kichwa kikifunguka, majeraha yasomwe kama barua. Kutu ndani ya silinda yaonyesha kwamba maji yameingia, pengine kwa gasketi iliyooza. Mikwaruzo mirefu iliyogandamana na alumini ya pistoni yaonyesha joto kubwa au upungufu wa oili. Ikiwa silinda zote zimeumia, utazamwe mchanganyiko wa oili, na pia pampu ya maji ya kupoza, ambayo gurudumu lake la mpira huliwa na mchanga. Ikiwa imeumia moja tu, fikirini: zote zanywa katika tangi moja, na mchanganyiko mbaya ungeziumiza zote. Basi itazamwe njia ya maji inayopita kando ya silinda ile, isije ikawa imezibwa na chumvi. Na kama kila silinda ina kabureta yake, tundu lake lisafishwe. Tundu likiziba, silinda hunyimwa petroli, na pamoja nayo oili iliyomo.

Sasa vipimo. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usiponasa, huenda kusugua kwa jiwe la kazi hiyo na kutia ringi mpya kukatosha. Lakini silinda ipimwe kwanza juu, katikati na chini, kwa sababu yaweza kung'aa nayo imepanuka. Ukucha ukinasa, silinda ikerezwe. Pistoni za kuzidi kipimo kwa kawaida huzidi kwa robo milimita au nusu milimita. Inunuliwe pistoni kwanza, apelekewe mkerezaji, naye akereze kuifuata. Baada ya kukereza, kingo za matundu ya silinda zilainishwe, la sivyo ringi zitakwama na kuvunjika. Beringi za chini nazo zikaguliwe, kwa maana vumbi la alumini huteremka huko.

Mashine ikiisha kufungwa, isipelekwe mbio. Vitabu vya mashine nyingi za siku hizi huagiza kipimo 1 cha oili kwa 50 vya petroli, yaani mililita 400 katika lita 20. Kwa saa 10 za kwanza wengi huagiza maradufu, mililita 800. Saa hizo zitumike ndani ya mwamba, tena bila mzigo mkubwa. Kila mara iwashwapo, nahodha atazame mchirizi wa maji utokao ubavuni; ukikatika, azime papo hapo. Na kila arudipo pwani, aioshe ndani kwa maji matamu.

Ndugu zangu, miezi ya kusi, ambapo wengi hawatoki nje ya mwamba, ndiyo miezi ya kufungua mashine na kuipima. Pampu ya maji gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na silinda, na silinda haiwezi kulinganishwa na mtu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.