WATOTO WA NJE: KUMBUKUMBU ZA PWANI YA KUSINI



   Vijana wa jumuiya waliponijia walitaka nizungumze juu ya "malezi ya watoto katika zama za teknolojia". Nikawaambia mimi teknolojia siijui sana, hata simu yangu huniwekea mjukuu. Ninachokijua ni jinsi tulivyokuwa tukicheza kabla haijaja. Wakanijibu, basi mzee, tuambie hilo. Kwa hiyo msinilaumu nikitembeatembea.

Mimi nimezaliwa na kukulia sehemu hizi za Msambweni, katika miaka ya sabini. Nyumba ya makuti, taa ya kibatari, na redio moja mtaani. Redio yenyewe ilikuwa ni ya mtu mmoja, lakini ikifunguliwa ni ya sote. Mchana ndani ya nyumba hakukuwa na la kufanya. Mtoto akionekana kakaa ndani saa tisa za mchana, mama alikuwa akimwekea mkono kwenye paji la uso kutazama kama ana homa.

Sasa niwaulize nyinyi vijana. Leo ni mwezi ngapi? Nataka mwezi wa angani, si wa kalenda ya ukutani. Nadhani kwa kuwa ni Ramadhan mtajibu, manake mnahesabu siku mpaka Idd. Lakini mkijua leo ni mwezi ngapi, je, mwaweza kuniambia maji yatakupwa saa ngapi kesho? Kimya. Basi mtoto wa miaka minane wa zamani alikuwa akijua. Hakufundishwa darasani. Ulikuwa mwezi ukiandama tu, siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua. Maji yanajaa mpaka yanalamba mizizi ya minazi, kisha yanakupwa mpaka mwamba wote uko nje. Kwetu huku wakati wa bamvua maji hushuka zaidi ya mita 3, na hukupwa saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Mwezi ukifika saba au nane, maji mafu, yanapwa kidogo tu, na saa zimeshageuka. Mwezi kumi na nne, kumi na tano, bamvua tena. Kila siku maji yanachelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Hesabu hii tuliijua kabla ya kujua jedwali la tatu.

Na tuliijua kwa sababu tuliihitaji. Ukikosea saa unabaki mwambani maji yanakujia nyuma. Tukishuka tulikuwa na mpangilio wetu: wakubwa mbele wakitafuta pweza kwenye mashimo, wadogo nyuma na vikapu vya kome. Ukikanyaga mchanga wenye maji unaburura miguu, usiinyanyue, ili taa aliyejifukia asikie uje aondoke mwenyewe. Ukimkanyaga yule mdudu wa miiba meusi utalia, na hakuna wa kukubeba. Haya yote tulifunzwa na mtoto aliyetuzidi miaka miwili, naye alifunzwa na aliyemzidi miaka miwili. Ilikuwa chuo bila maalim.

Michezo ya nchi kavu nayo ilifuata upepo. Kusi ikivuma, wakati wa tiara. Vijiti ni chelewa za makuti, karatasi ni gazeti, gundi ni unga wa ngano uliokorogwa na maji (na mama akiukosa unga wake anajua pa kuanzia), mkia ni kitambaa cha kanga iliyochakaa. Msimu wa korosho ukifika, mabibo chini kila mahali, fulana zote zina madoa yasiyotoka. Tukafunga mpira wa matambara, tukasukuma ringi za baiskeli, tukachonga pia, tukacheza gololi na kibe. Wasichana walikuwa na nage na mdako, na wallahi kwenye nage wengi wetu wavulana hatukuwaweza. Waliokaa upande wa Ramisi walikuwa na bahati yao nyingine. Kiwanda cha sukari kilikuwa kikifanya kazi wakati huo, kabla hakijafungwa mwaka 1988, na trela za miwa zilipita taratibu. Zilizosalia nitawaachia mmalizie wenyewe.

Tulikuwa na chuo pia, msidhani tulikuwa tukirandaranda tu. Asubuhi skuli, mchana chuoni na ubao wako, na mapumziko yetu ni Alhamisi jioni na Ijumaa. Hata hayo masomo yalikuwa chini ya mwembe. Ukisoma huku unatazama embe lipi limeiva.

Na Ramadhan! Wengi mnadhani Ramadhan ya zamani ilikuwa tulivu. Kwa watoto ilikuwa ndio mwezi wa kuzurura. Jioni ya mwezi ishirini na tisa Shaabani tulikuwa hatuendi ufuoni, maana bahari yetu iko mashariki na mwezi mchanga huonekana magharibi. Tulikwenda uwanjani, tukageukia bara, kuelekea milima ya Shimba, kila mtu akidai kauona wa kwanza. Saa moja nzima watoto mia wakitazama mbingu. Kisha mchana wake kufunga, wadogo wakifunga mpaka adhuhuri na kujigamba kama waliofunga mpaka magharibi. Maalim wetu alipiga marufuku kuogelea mtoni mchana wa Ramadhan. Alisema akitaka kujua nani kafunga kweli, atamtazama anavyotoka majini: aliyefunga hutoka ana kiu bado.

Karibu na magharibi ndipo kazi yetu ilipoanza. Sahani imefunikwa kawa, "Peleka kwa mama fulani." Unapeleka mihogo ya nazi, unarudishwa na kaimati. Unapeleka mbaazi, unarudi na mkate wa kumimina. Mtoto mmoja alipita nyumba tano kabla ya adhana, na kila nyumba aliamkia, "Shikamoo," akaulizwa hali ya nyanyake. Hivi ndivyo tulivyojuana. Mgonjwa akijulikana, alijulikana kwa sababu mtoto wa sahani alimwona kalala. Usiku wa mbalamwezi, baada ya tarawehe, kibe mpaka mzee mmoja atoke na bakora yake. Na alfajiri ngoma ya daku, na sisi nyuma ya ngoma.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana naona akina mama wengine wananitikisia kichwa kama kwamba tulikuwa peponi. Hatukuwa peponi. Yale mabwawa na vijito tulivyoogelea vilikuwa na kichocho. Watoto wa Msambweni tulikojoa damu, na tukaona ni jambo la kawaida, wengine walidhani ni dalili ya kukua. Mpaka katika miaka ya 1980 watafiti walipoanza kuwapima watoto wa shule hapa Msambweni na kuwapa dawa, ndipo wengi tukajua kuwa yalikuwa maradhi. Malaria ilituchukulia wenzetu. Wasichana walicheza nage, ndiyo, lakini baada ya kuteka maji na kuchanja kuni, wakati sisi tuko mwambani. Na ule utaratibu wa kila mtu mzima kumpiga mtoto wa mwenzake, ukifika nyumbani unapigwa tena, mimi siusikitikii hata kidogo. Anayekwambia zamani kulikuwa na uzuri mtupu, ama amesahau ama alikuwa mtoto wa tajiri.

Lakini kuna kitu kilikuwapo na sasa hakipo.

Hivi karibuni nilizungumza na mtoto wa Ukunda, miaka kumi, mwerevu kweli. Kutoka kwao mpaka ufuo wa Diani ni mwendo kama wa nusu saa kwa miguu. Nikamwuliza, ukenda baharini unafanya nini? Akanijibu, "Babu, mimi sijaenda." Nikadhani ni kwa ajili ya simu. Kila mtu husema simu, simu, simu. Nikamwuliza. Simu hana, anaazima ya mamake. Akaniambia njia ya kwenda imezibwa, na ile nyingine kuna askari anauliza mnakwenda wapi.

Hili ndilo nililokuja kuwaambia, jamaa zangu. Tumezoea kuitwika simu mizigo yote. Kweli simu ina lake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazamishwe skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Majumbani mwetu tunampa simu mtoto ili anyamaze tupike futari. Kule Taiwan, walipoona watoto wengi hawaoni mbali, mwaka 2010 walianza mpango wa kuwatoa watoto wa shule nje dakika 120 kila siku, kwa kuwa mwanga wa mchana husaidia macho. Dakika 120! Sisi tulikuwa tunapewa hizo bure na hatukujua kama ni dawa.

Lakini mtoto ukimnyang'anya simu, umpeleke wapi? Hebu tuseme kweli. Uwanja tuliotazamia mwezi una nyumba leo. Miembe imekatwa. Barabara ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga ina magari na bodaboda, mama hawezi kumwacha mtoto avuke. Na baharini, kuanzia miaka ile mahoteli na majumba ya kifahari yalipopangana ufuoni Diani, vichochoro vya kuteremkia vimekuwa vikipungua kimoja kimoja. Mwenye ploti anajenga ukuta, jirani yake naye, na kile kinjia cha katikati kinaota majani, kisha kinatiwa mlango, kisha mlango unatiwa kufuli. Sisemi kwamba hoteli ni mbaya, vijana wetu wangapi wanakula kwa hizo hoteli. Nasema mtoto wa Kidigo kuzaliwa Ukunda na kuijua bahari kwa picha ni jambo la kusikitisha.

Na sheria iko. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imeihesabu ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Ule mchanga ni wako, kijana. Ni wa yule mtoto wa miaka kumi. Lakini ukiwa na chumba na huna njia ya mlango, chumba chakufaa nini? Hivyo jumuiya kama hii, yenye vijana wenye nguvu na wanaojua kuandika barua, isishughulike na mihadhara tu kama huu wangu. Tembeeni, mwandike kila kichochoro cha kuendea bahari kuanzia Tiwi mpaka Galu: kipi ki wazi, kipi kimezibwa, wazee wanakikumbuka kwa jina gani. Wazee hao hawatakaa sana. Mukiisha, pelekeni kaunti. Mkichekwa, pelekeni tena.

Wako waliofanya jambo. Pale Gazi, tangu mwaka 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza mikoko yao chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha za hewa ukaa zimesaidia maji na shule. Mtoto wa Gazi anayepanda mkoko anazama matopeni mpaka magotini, anajua maji yanaingia saa ngapi, anachafuka. Huyo nikimwona nafurahi. Na Kinondo, ile kaya iliyoingizwa mwaka 2008 katika urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, bado ina msitu wa kumwonyesha mtoto mti na jina lake. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Wengine watasema, mzee, huu ni mwezi wa ibada, wewe unazungumza michezo. Nawajibu: Mtume wetu (SAW) alimwuliza mtoto mdogo Abu Umayr, nduguye Anas, habari za kindege chake alichokuwa akichezea kilipokufa. Kiongozi wa umma mzima, na alijua mtoto fulani ana kindege. Alishindana mbio na Bi Aisha (RA). Siku ya Idd Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini na hakuwakataza. Kwa hiyo mchezo si adui wa dini, na mimi namwogopea zaidi mtoto anayekaa kitini miaka kumi bila kukimbia.

Sasa nimalizie kwa jambo la karibu, maana naona saa ya futari inasogea na vijana wameanza kutazama mlango. Idd Inshallah itakuwa mwezi mosi, au si hivyo? Na mwezi ukiandama ni nini? Naam, huyo binti wa nyuma kasema: bamvua. Basi siku zile za Idd, kiasi cha saa nne saa tano asubuhi, tumeshasali, tumeshakula biriani, maji yatakuwa yamekwenda mbali na mwamba wote uko nje. Wazazi, msiwafungie watoto na vibonzo. Wavueni hizo nguo mpya, wavalisheni za kuchakaa, na viatu vya plastiki kwa ajili ya miiba. Mtu mzima mmoja kwa watoto wanne, watano, na mtu mzima huyo awe anajua maji yanarudi lini. Wasichana pia, na mapema, si baada ya kuosha vyombo. Mimi nitakuwa Msambweni, upande wa chini, nikiwa na fimbo yangu na kikapu. Wa Ukunda, tazameni kwanza kichochoro gani kiko wazi, na mkikuta kufuli andikeni ni wapi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.