Mkongwe Akiondoka, Tubaki na Nini?

(Mazungumzo ya redio ya juma hili)



Juma hili nataka tuzungumze juu ya wakongwe na damu changa katika timu zetu. Jambo lenyewe lilinikuta mimi mwenyewe nyumbani Kapalamsenga, mkoani Katavi, huko kwenye machimbo ya shaba.

Msimu mmoja timu yetu ya kandanda ilichanga fedha ili itwae kombe, nami nilikuwa mshika daftari la michango. Tuliona vijana wetu bado wachanga mno. Tukaazima wakongwe wanne kutoka Mpanda mjini, tukawalipa nauli, chakula na posho. Kombe tulilichukua kweli, na usiku ule hakuna aliyelala.

Msimu uliofuata fedha hatukuwa nazo, na wakongwe walikwisha itwa kwingine. Tukawageukia vijana. Wawili walikuwa wamekwenda zao machimboni. Wa tatu akaniambia usoni: "Mzee, mwaka jana mlinipa kazi ya kubeba maji." Sikuwa na jibu. Kombe tunalo hadi leo, lakini timu hatuna.

Je, kosa letu lilikuwa kuwaita wakongwe? Jibu nimelipata katika mchezo ambao Kapalamsenga hatuuchezi kabisa, yaani kriketi, na nimelipata kwa majirani zetu. Kwa asiyeujua mchezo huo, mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa kibao na kukimbia ili ajipatie mikimbio. Mrushaji hodari ni yule anayewatoa wapigaji wengi huku akiruhusu mikimbio michache.

Tuanze na Kenya. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2003, Kenya ilimwita Asif Karim, aliyekuwa nahodha mwaka 1999 na kisha akastaafu. Alirudi akiwa na umri wa miaka 39. Mjini Durban, mbele ya Australia waliokuwa mabingwa wa dunia, mzee huyo aliwatoa wapigaji watatu kwa mikimbio 7 tu. Kenya walishindwa siku hiyo, lakini walifika nusu fainali. Na hawakufika kwa wazee peke yao. Mjini Nairobi, Collins Obuya, kijana wa miaka 21, ndiye aliyewatoa wapigaji watano wa Sri Lanka siku Kenya walipoibuka na ushindi. Jungu kuu lilikuwapo, na kuni mbichi zilikuwapo.

Sasa tazameni miaka 8 baadaye. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2011 Kenya ilicheza mechi 6 na ikashindwa zote 6. Steve Tikolo, nguzo ya timu hiyo tangu mwaka 1996, alikuwa bado anategemewa, naye amefikisha miaka 39. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Je, Tikolo ndiye aliyeiangusha? La hasha! Baada ya mwaka 2003 ulizuka ugomvi wa malipo baina ya wachezaji na viongozi, na wakati wakubwa wanagombana, kazi ya kuwalea wadogo ilidorora. Aliyekaa uwanjani hadi miaka 39 hana hatia. Wa kuulizwa ni wale waliopaswa kumwandalia mrithi.

Twende Uganda. Mwaka 1997 kijana mmoja, Frank Nsubuga, akiwa na miaka 16 tu, alipewa nafasi katika timu ya pamoja ya Afrika Mashariki na Kati iliyokwenda kucheza Malaysia. Angeweza kuambiwa angoje, abebe maji. Hakuambiwa hivyo. Juni 2024, huko Guyana, Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia, dhidi ya Papua New Guinea. Nsubuga, sasa mzee wa miaka 43, alirusha mipira 24, akaruhusu mikimbio 4 tu na kuwatoa wapigaji wawili. Katika mechi hiyo hiyo Juma Miyagi naye aliwatoa wawili. Huyo mwaka 2022 alikuwa bado katika timu ya Uganda ya vijana chini ya miaka 19.

Sisemi Uganda wamemaliza kila kitu. Katika mashindano hayo hayo West Indies waliwatoa wote kwa mikimbio 39. Wala hawakuwafungia mlango wachezaji waliotoka nje, kwani timuni wamo waliozaliwa India. Lakini mzee wa 2024 ndiye mtoto wa 1997, na pembeni yake alisimama mtoto mwingine.

Na sisi Watanzania tusijione tuko mbali na habari hizi. Mwaka 2025 timu yetu ya kriketi ya vijana chini ya miaka 19 ilifuzu kwa mara ya kwanza kuingia Kombe la Dunia la umri huo. Watoto hao wanabisha hodi katika timu za wakubwa. Tutawafungulia, au tutawapa ndoo za maji?

Ushauri wangu kwa viongozi wa klabu, ziwe za kriketi Dar es Salaam au za kandanda vijijini, ni huu. Kabla hamjamlipa mkongwe, ulizaneni: atamfundisha nani? Kijana huyo atacheza mechi ngapi msimu huu, si kukaa benchi tu? Na mkongwe akiondoka kesho, nani atavaa jezi yake? Kama hakuna jibu, fedha hiyo mnanunua kombe, hamjengi timu.

Pale Kapalamsenga wapo wanaotaka tuanze upya. Wameniomba nishike tena daftari. Nimekubali, kwa sharti moja: kila jina la mkongwe nitakaloandika, pembeni yake liwepo jina la kijana atakayecheza naye. Na jina la kwanza la kijana ninalitaka la yule aliyebeba maji, kama atakubali kurudi.

Kwa leo naishia hapo. Nawatakieni juma jema.