Moyo ni Shahidi, si Hakimu

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo lisiloandikwa katika vitabu vya hesabu, ingawa huweza kugeuza maisha ya mwanachama kwa siku moja. Mmoja huuza shamba, mwingine huacha kazi, mwingine hung'oa mibuni yake. Ukimwuliza sababu, hujibu, "Moyo umeniambia."

Katika kazi yangu siudharau moyo. Nimepata kufungua daftari la fedha la chama, jumla zote zikawa sawa, na bado nikahisi kasoro. Baada ya saa nzima nikatambua kwamba stakabadhi za miezi mitatu ziliandikwa kwa kikao kimoja. Jicho lilikuwa limeona kabla akili haijapata maneno. Hata hivyo, sijathubutu kuandika katika taarifa kwamba katibu ameiba kwa kuwa moyo wangu umeshtuka. Mshtuko hunituma kuhesabu upya, basi. Na zipo mara nilipohesabu upya nikakuta katibu ni mwaminifu kabisa.

Hilo nililijua ofisini, lakini nilikuwa nimekwisha kufunzwa nyumbani, kwa gharama.

Kwetu ni mteremko wa Kilimanjaro. Julai 1989 viwango vya mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa vilisitishwa, na bei ya dunia ikaanguka. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikapanda. Kisha ikashuka tena, na kufikia 2001 na 2002 ilikuwa duni mno. Marehemu baba alirudi chamani na malipo yasiyotosha hata deni la dawa ya mibuni. Usiku ule akasema, "Moyo wangu umeikataa kahawa." Mimi, kijana niliyemaliza kidato cha nne, nilikuwa wa kwanza kumwunga mkono. Asubuhi tulishika shoka na sururu, tukaanza kung'oa mibuni aliyoipanda babu, ili tupande nyanya.

Mama hakubishana. Aliomba mistari mitatu tu iachwe. Baba alipotaka sababu, naye alijibu, "Moyo wangu unakataa."

Nyanya za msimu wa kwanza zilitupa fedha. Msimu wa pili kila jirani alikuwa amepanda, na matenga yakaozea sokoni. Bei ya kahawa ilipopanda sana mwaka 2011, ni mistari ile mitatu iliyomlipia mdogo wangu ada ya shule. Baba alizoea kusimama penye visiki vya mibuni bila kusema neno.

Ndugu zangu, mioyo miwili ilisema usiku mmoja. Kwa muda mrefu nimejiuliza tofauti yake. Mama ndiye aliyekuwa akichuma na kubeba kahawa hadi mizanini miaka yote. Aliona bei ikianguka, akaiona ikirudi. Moyo wake ulikuwa na daftari, hata kama hakuweza kulisoma kwa sauti. Moyo wa baba ulisema kwa uchungu wa malipo ya siku ile. Wangu mimi haukuwa na lolote ila haraka ya ujana.

Kwa hiyo, moyo ukisema, ulizeni kwanza umejifunzia wapi. Kama jambo mmelifanya miaka mingi, usikilizeni kwa makini. Kama ni geni, uchukueni kama uvumi. Pili, lalieni jambo hilo siku kadhaa, mwone kama hofu au furaha ikipoa moyo bado unasema yale yale. Tatu, angalieni kama lina njia ya kurudi. Mbuni hung'olewa kwa asubuhi moja, na mche mpya hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuzaa. Penye shaka, acheni mistari mitatu.

Nasema haya kwa sababu mwanzoni mwa mwaka 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilipita viwango vyote vya nyuma, na tangu hapo nimesikia wanachama wakisema mioyo yao inawaambia wakope wapanue mashamba. Huenda mioyo hiyo ni ya kweli. Lakini furaha ya bei nzuri hudanganya sawasawa na uchungu wa bei mbaya. Kabla hujatia sahihi ya mkopo, kaa na mwenzi wako nyumbani, na kalamu mkononi, mwandike mtalipa nini bei ikirudi ilikokuwa.